Kutafuta Mchapishaji wa Hadithi Yako



Umejua kusoma. Umejua kuandika. Sasa unaweza kusoma barua, gazeti na risiti bila kumwomba mtoto akusaidie. Hilo ni jambo kubwa. Lakini kuandika si kwa ajili ya barua na hesabu tu. Unaweza pia kuandika hadithi.

Pwani yetu ina hadithi nyingi. Hapa Mbegani wako wavuvi wanaojua habari za bahari, za pepo na za watu waliopotea majini. Wako wazee wanaosimulia habari za Kaole, ambako magofu ya msikiti na makaburi ya kale yapo mpaka leo. Wako akina mama wakaanga samaki ambao wamesomesha watoto kwa biashara ya sinia moja. Mtu akiyachukua mambo kama hayo, akabuni watu na visa, akayapanga vizuri, anaweza kupata hadithi ndefu. Hadithi ndefu ya namna hiyo huitwa riwaya.

Somo hili si la kukufundisha kutunga. Ni la kukueleza mambo yanayofuata baada ya kutunga. Madaftari yako yamejaa. Hadithi imekwisha. Sasa utampa nani? Atakulipa nini? Utatia sahihi karatasi gani? Watu wengi wamefanya kazi nzuri ya kuandika, kisha wakapoteza haki zao kwa sababu hawakujua mambo haya.

NANI ANAFANYA KAZI GANI?

Kitabu hupita mikononi mwa watu kadhaa. Ni lazima uwafahamu, usije ukawachanganya.

Mwandishi ni wewe. Umetunga hadithi na kuiandika. Maandishi yako, kabla hayajawa kitabu, huitwa mswada.

Mchapishaji ni mtu au kampuni inayochagua mswada na kuutengeneza uwe kitabu. Mchapishaji hutoa fedha zake. Humlipa mhariri asahihishe, humlipa mchoraji wa jalada, hulipia mashine, kisha hupeleka vitabu madukani. Kitabu kisipouzwa, hasara ni ya mchapishaji.

Mpiga chapa ni mwenye mashine. Yeye hutia wino kwenye karatasi na kufunga kurasa. Ukimpelekea chochote, atakipiga chapa, mradi umemlipa. Hasomi kuona kama hadithi ni nzuri, wala haendi kuiuza. Watu wengi hudhani mpiga chapa na mchapishaji ni kitu kimoja. Si kweli. Mpiga chapa analipwa na mwandishi au mchapishaji. Mchapishaji wa kweli humlipa mwandishi.

Wakala wa mwandishi ni mtu wa kati. Tumweleze kwa urefu kidogo.

WAKALA WA MWANDISHI NI NANI?

Neno wakala si geni kwako. Unamjua wakala wa fedha za simu. Hata chuo cha uvuvi cha hapa Mbegani kiko chini ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Lakini wakala wa mwandishi anafanana zaidi na dalali wa samaki.

Fikiri juu ya mnada wa samaki ufukweni. Mvuvi ametoka baharini usiku kucha. Dalali anawajua wanunuzi. Anajua nani anataka nguru na nani anataka dagaa. Ananadi, bei inapanda, samaki wanauzwa. Dalali hupata sehemu yake baada ya kuuza. Samaki wasipouzwa, hana cha kukata.

Wakala wa mwandishi hufanya vivyo hivyo. Husoma mswada. Akiupenda, humtafutia mwandishi mchapishaji, hujadili bei na kusoma mkataba. Kazi hii ilianza kujulikana London katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mmoja wa mawakala wa kwanza alikuwa A. P. Watt, ambaye alichukua asilimia 10 ya mapato ya mwandishi. Siku hizi mawakala wengi wa Uingereza huchukua kama asilimia 15. Maana yake, mwandishi akilipwa shilingi 100, wakala huchukua 15, na mwandishi hubaki na 85.

Katika Uingereza na Marekani kampuni nyingi kubwa hazipokei riwaya moja kwa moja kutoka kwa mwandishi mgeni. Hupokea kwa wakala tu. Ndiyo sababu huko mwandishi mpya huanza kwa kumtafuta wakala.

Je, na wewe wa Mbegani umtafute wakala kwanza? Kwa riwaya ya Kiswahili, hapana. Katika Tanzania njia ya kawaida ni mwandishi kupeleka mswada wake mwenyewe kwa mchapishaji, au kuuingiza katika shindano. Hilo lina faida na lina hatari. Faida ni kwamba hakuna mtu wa kati wa kukukata fedha. Hatari ni kwamba hakuna mtu wa kukusomea mkataba. Kazi ya wakala inabidi uifanye mwenyewe. Hapo ndipo kujua kusoma kunapoonyesha thamani yake.

WENGINE WALIPITA NJIA GANI?

Muhammed Said Abdulla alikuwa Mzanzibari aliyezaliwa mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya, baadaye akawa mhariri. Wakati huo palikuwa na shirika lililoitwa East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948 ili kuchapisha vitabu vya Afrika Mashariki. Shirika hilo lilitangaza shindano la kuandika hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958. Abdulla akapeleka mswada wake, akashinda. Mwaka 1960 ukatoka kuwa kitabu, "Mzimu wa Watu wa Kale". Baada ya hapo aliandika vitabu vingine kadhaa juu ya mpelelezi wake, Bwana Msa. Mlango wake wa kwanza ulikuwa shindano.

Adam Shafi, naye wa Zanzibar, alipitia kampuni ya uchapishaji. Riwaya yake "Kasri ya Mwinyi Fuad" ilitolewa mwaka 1978 na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Kampuni hiyo ya umma ilikuwa imeanzishwa mwaka 1966. Mwaka uliofuata, 1979, ikatoa riwaya yake nyingine, "Kuli".

Ben Mtobwa, mwandishi wa "Dar es Salaam Usiku", alianzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, iliyoitwa Heko. Hiyo ni njia ya tatu, lakini inataka mtaji na ujuzi wa biashara.

Njia ya shindano haijafungwa. Mwaka 2014 ilianzishwa Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell. Tuzo hiyo hupokea hata miswada ambayo bado haijawa vitabu. Anna Samwel Manyanza alikuwa miongoni mwa washindi wa kwanza, kwa riwaya yake "Penzi la Damu". Tena ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Tangazo la shindano likitoka, soma masharti yote. Angalia tarehe ya mwisho, idadi ya maneno yanayotakiwa, na nani atakuwa na haki ya kuchapisha mswada utakaoshinda.

HABARI YA MTORO WA BAGAMOYO

Sasa tusome habari ya jirani yetu wa zamani. Itatuonyesha kwa nini jina na haki ni mambo ya kuangaliwa mapema.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, Bagamoyo, karibu na mwaka 1869. Alikuwa mtu mwenye elimu ya dini na mjuzi wa desturi za pwani. Mwaka 1900 alikwenda Berlin, Ujerumani, kufundisha Kiswahili. Huko alifanya kazi pamoja na Mjerumani mmoja, Carl Velten. Mtoro aliandika habari za kwao: kuzaa na kulea, jando, harusi, ngoma, kilimo, biashara na mazishi.

Mwaka 1903 kitabu kilitoka Ujerumani kwa jina la "Desturi za Wasuaheli". Jina lililowekwa mbele lilikuwa la Velten, kama mkusanyaji na mhariri. Mtoro, aliyeandika sehemu kubwa ya habari zile, hakuwekwa mbele kama mwandishi. Mwaka 1905 alirudi pwani pamoja na mke wake Mjerumani, lakini watawala wa Kijerumani hawakumruhusu kukaa naye hapa. Akarudi Ujerumani, akafia huko mwaka 1927.

Mwaka 1981 tafsiri ya Kiingereza ya kitabu hicho ilitolewa na chuo kikuu kimoja cha Marekani. Safari hii jina la Mtoro liliwekwa katika jina la kitabu. Ilikuwa imepita miaka 78 tangu kitabu kitoke, na miaka 54 tangu Mtoro afariki.

 Siku hizi Tanzania ina sheria ya kumlinda mwandishi.

HAKI YAKO KWA SHERIA

Mwaka 1999 Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Hakimiliki ni haki ya mtu juu ya kazi aliyoitunga. Ukishaandika hadithi yako mwenyewe, haki ni yako. Huhitaji kuinunua. Mtu haruhusiwi kuichapa, kuitafsiri au kuigeuza filamu bila ruhusa yako. Tena una haki ya kutajwa kuwa mwandishi. Sheria hiyo iliweka kwamba haki hudumu katika maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo hadithi ni mali, kama shamba la minazi. Watoto wako wanaweza kuirithi.

Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, inayojulikana kama COSOTA, husajili kazi za waandishi na wasanii. Usajili si ndio unaokupa haki, kwa maana haki unayo tangu ulipoandika. Lakini ukitokea ugomvi, cheti cha usajili ni ushahidi mzuri.

ANDAA MSWADA

Usipeleke daftari lako la kwanza. Fanya hivi:

1. Acha hadithi ipumzike mwezi mmoja. Kisha isome tena kama mtu mgeni. Ondoa yaliyorudiwa.

2. Wasomee wengine. Darasa lako la kisomo ni mahali pazuri. Usiulize, "Je, ni nzuri?" Watu wataogopa kukuvunja moyo. Uliza, "Ni wapi mlichoka? Ni wapi hamkuelewa?"

3. Ichapwe kwa kompyuta. Ukiwa huna, nenda kwenye duka la steshenari mjini Bagamoyo. Kwanza ulizia bei ya kila ukurasa. Mistari iachane, na kila ukurasa uwe na namba.

4. Weka nakala. Usitoe nakala yako ya pekee, hata kwa rafiki. Mswada ukipotea njiani, kazi ya miaka imezama. Daftari la kwanza lihifadhi pia, mahali pasipo na mchwa wala unyevu.

5. Mchague mchapishaji anayefaa. Nenda kwenye maktaba au duka la vitabu. Tazama riwaya za Kiswahili. Kurasa za mwanzo huonyesha jina na anwani ya mchapishaji. Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1991 na Walter Bgoya, na imetoa riwaya za Kiswahili. Usipeleke riwaya kwa kampuni inayotoa vitabu vya hesabu tu.

ANDIKA BARUA FUPI

Mswada hufuatana na barua. Barua isizidi ukurasa mmoja. Huu ni mfano:

Mbegani,
S.L.P. ..........,
Bagamoyo.
Tarehe ..........

Mhariri,
(Jina la kampuni),
Dar es Salaam.

Ndugu Mhariri,

YAH: MSWADA WA RIWAYA "TANGA LA BABA"

Naomba uusome mswada wangu wa riwaya. Inahusu binti wa mvuvi anayerithi mashua ya baba yake. Kaka zake wanataka kuiuza. Yeye anataka kwenda nayo baharini, ingawa watu wanasema bahari si kazi ya mwanamke.

Mswada una kurasa 180. Nimeambatanisha sura tatu za kwanza na muhtasari wa hadithi yote. Ukitaka kurasa zilizobaki, nitazileta.

Mimi ni mkazi wa Mbegani. Hiki ni kitabu changu cha kwanza. Mswada huu haujachapishwa mahali pengine.

Wako,
(Sahihi na jina)
(Namba ya simu)

Tazama barua hii. Haisemi kwamba riwaya ni nzuri kuliko zote. Haiombi msaada kwa sababu ya umaskini. Inasema hadithi inahusu nini, ina ukubwa gani, na mwandishi ni nani. Mhariri anataka kujua hayo tu. Kumbuka kwanza kuuliza kampuni kama inataka sura chache au mswada wote.

Ukiupeleka kwa mkono, omba mpokeaji atie sahihi na tarehe kwenye nakala ya barua yako. Kisha subiri. Kusoma mswada huchukua miezi. Baada ya miezi mitatu unaweza kuuliza kwa adabu.

MTU AKIKUOMBA FEDHA

Tuseme mama mmoja wa Mbegani amemaliza riwaya yake. Kijana mgeni anasikia habari hiyo, anakuja kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimesikia una kitabu. Mimi ni wakala. Nitakupeleka kwa wachapishaji wakubwa."

"Vizuri. Nifanye nini?"

"Toa shilingi laki tatu za usajili. Halafu tia dole gumba hapa."

"Mwanangu, mimi natia sahihi, sitii dole gumba. Niachie karatasi nisome."

"Mama, mambo haya ni ya haraka. Nafasi itapotea."

"Basi ipotee. Mimi si samaki, sitaoza kesho."

Mama huyu amejibu vyema. Wakala wa kweli hupata sehemu yake baada ya kuuza. Mchapishaji wa kweli hutoa fedha zake. Mtu akiahidi kukuchapishia kitabu kwa mtaji wake, kisha akakudai fedha za usajili, za kusoma au za safari, simama hapo hapo. Uliza ofisi yake iko wapi. Uliza ametoa vitabu gani, kisha uvione vitabu hivyo kwa macho yako.

Kumlipa mpiga chapa ni jambo jingine. Hapo umeamua kuwa mchapishaji wa kitabu chako mwenyewe. Si kosa, lakini piga hesabu kwanza. Tuseme mpiga chapa anataka shilingi 5,000 kwa kila kitabu, na unataka vitabu 500. Utalipa shilingi 2,500,000. Ukiuza kila kitabu kwa shilingi 10,000, ni lazima uuze vitabu 250 ndipo fedha yako irudi. Je, una watu 250 wa kununua? Nani atavibeba mpaka Dar es Salaam? Vingine vitakaa wapi wakati wa masika? Tena utahitaji namba ya kimataifa ya kitabu, ambayo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

SOMA MKATABA

Mchapishaji amekubali. Furahi, lakini usitie sahihi siku hiyo hiyo. Chukua mkataba nyumbani. Usome polepole. Neno usilolijua lipigie mstari. Ikiwa mkataba umeandikwa kwa Kiingereza, omba maelezo yake kwa Kiswahili, kisha mtafute mtu unayemwamini aulinganishe. Ukiweza, mwonyeshe mwanasheria.

Tafuta majibu ya maswali haya:

1. Nani ana hakimiliki? Kumpa mchapishaji ruhusa ya kuchapa si sawa na kumuuzia haki zote. Ukikodisha mashua, itarudi. Ukiiuza, imekwenda. Sentensi ikisema unatoa haki zote milele kwa malipo ya mara moja, fikiri sana.

2. Jina la nani litakuwa kwenye jalada? Mkumbuke Mtoro.

3. Mrabaha ni kiasi gani? Mrabaha ni sehemu ya fedha anayolipwa mwandishi kwa kila kitabu kinachouzwa. Mara nyingi huwa kama asilimia 10. Lakini uliza, asilimia 10 ya nini? Tuseme kitabu kinauzwa dukani kwa shilingi 10,000, na duka linabaki na 4,000. Mchapishaji anapata 6,000. Asilimia 10 ya bei ya dukani ni shilingi 1,000. Asilimia 10 ya fedha aliyopata mchapishaji ni shilingi 600. Vikiuzwa vitabu 500, hesabu ya kwanza inakupa shilingi 500,000. Hesabu ya pili inakupa 300,000. Tofauti ni shilingi 200,000, kwa sababu ya maneno machache tu katika mkataba.

4. Utalipwa lini, na utajuaje vimeuzwa vingapi? Mkataba useme kwamba utapewa taarifa ya mauzo kila mwaka au kila miezi sita.

5. Kitabu kitatoka lini? Kama hakikutoka katika muda uliowekwa, haki zirudi kwako.

6. Na tafsiri je? Na filamu je? Mwaka 1999 Mkuki na Nyota ilitoa riwaya ya Adam Shafi, "Vuta N'kuvute". Mwaka 2021 ikatoka filamu iliyotokana na riwaya hiyo, iliyoongozwa na Amil Shivji. Ilipita miaka 22 kati ya kitabu na filamu. Hujui hadithi yako itafika wapi. Kwa hiyo mkataba useme fedha za filamu na tafsiri zitagawanywaje.

Jambo usilolipenda, sema. Mkataba ni mapatano ya watu wawili. Kuomba sentensi ibadilishwe si utovu wa adabu. Mkikubaliana, kila mmoja atie sahihi, na wewe ubaki na nakala yako.

UKIKATALIWA

Huenda jibu likawa "hapana". Usichome madaftari. Mhariri hukataa kwa sababu nyingi. Pengine kampuni haina fedha mwaka huo. Pengine hadithi haijaiva. Kama amekuandikia sababu, hiyo ni zawadi. Isome, rekebisha, peleka kwingine.

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, alipokuwa anakaribia umri wa miaka 40. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mwaka 2022 riwaya yake moja ilitolewa Dar es Salaam kwa Kiswahili, kwa jina la "Peponi". Shaaban Robert wa Tanga alifariki mwaka 1962. Vitabu vyake "Kufikirika" na "Utubora Mkulima" vilitoka mwaka 1967 na 1968, yeye akiwa kaburini. Kitabu kina safari yake. Kazi ya mwandishi ni kukiandaa vizuri na kukilinda.

Basi ndugu msomaji, andika. Ukimaliza, tafuta. Ukipata, soma kabla ya kutia sahihi. Hadithi yako iende mbali, na jina lako liende nayo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kuna tofauti gani kati ya mchapishaji na mpiga chapa?
2. Wakala wa mwandishi anafananaje na dalali wa samaki?
3. Kwa nini jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari halikuwekwa mbele mwaka 1903? Toeni mawazo yenu.
4. Kitabu kinauzwa shilingi 8,000. Mrabaha ni asilimia 10 ya bei ya dukani. Vimeuzwa vitabu 300. Mwandishi atapata shilingi ngapi?
5. Andika barua ya kupeleka mswada kwa mchapishaji. Somea wenzako.

MANENO YA KUKUMBUKA

Hakimiliki: haki ya mtu juu ya kazi aliyoitunga.
Mhariri: mtu anayesoma na kusahihisha mswada.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.
Mrabaha: sehemu ya fedha anayolipwa mwandishi kwa kila kitabu kilichouzwa.
Mswada: maandishi ambayo bado hayajawa kitabu.
Muhtasari: maelezo mafupi ya jambo refu.